Mkongo ukikatika, faili liwe nyumbani
Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilizorota Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa mpigo. Mwenye hesabu za duka zilizohifadhiwa ng'ambo akabaki kusubiri. Seva ndogo ya nyumbani, yenye Nextcloud ndani ya kontena la Docker, haimsubirishi mtu: faili hufunguka kwa mtandao wa ndani.

Lakini kontena likifutwa, kilichoandikwa ndani yake hupotea nalo. Data ielekezwe kwenye folda ya diski. Tena rekebisha saa. Makontena mengi huja na UTC, na risiti ya saa nne asubuhi Nairobi itasomeka saa moja. Mafundi wetu, Mwanza hadi Kigali, waiuze huduma hii sasa.