Atatumia Lugha ya Ishara na nani?

Nimeona tena ile picha. Wanafunzi wa shule ya kanisa wamejipanga mbele ya watoto wenye ulemavu, wameshika sukari na tishu. Chini imeandikwa "Mungu awabariki". Basi likaondoka, na sidhani kuna aliyerudi akijua hata jina la mtoto mmoja.

Itauma, lakini nasema: hayo ni matembezi tu.

Shule ya kanisa niliyosomea, siitaji, tulikuwa na kijana kiziwi darasani. Tulimwombea kila Jumapili, tena kwa sauti kubwa. Miaka miwili, hakuna aliyejifunza kumuuliza "umelalaje?" kwa mikono. Hata mimi. Alipohama tukasema ameshindwa. Uongo. Sisi ndio tulishindwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kutumia Lugha ya Ishara. Sasa ataitumia na nani kama darasa zima halijui?

Najua mtaniambia hiyo ni kazi ya mwalimu wa elimu maalum. Sawa, lakini mwalimu halali bwenini. Hayuko kwa foleni ya githeri. Na usiku mvua ikinyesha, unajua vile udongo wetu wa majani chai huteleza, kiti cha magurudumu kikikwama njia ya choo, aliye karibu ni mtoto wa miaka 16. Kama hakufundishwa, atacheka, ama atakisukuma bila kumuuliza mwenyewe.

Na kufundisha si kazi kubwa. Asiyeona humvuti mkono. Unampa kiwiko akishike, wewe unatangulia kidogo. Kiti cha magurudumu hukigusi kabla ya kuuliza. Kiziwi akiwa na mkalimani, unamwangalia yeye unapoongea, si mkalimani.

Kama ni dini, angalieni Wayahudi wa Chabad kule Michigan, Marekani. Mwaka 1994 walianzisha Friendship Circle, ambapo vijana wa sekondari wanakuwa marafiki wa watoto wenye ulemavu na kukutana nao mara kwa mara. Imani yao haikuishia kwa maombi.

Msiniambie hakuna nafasi. Mtaala mpya umefanya huduma kwa jamii kuwa ya lazima kuanzia Gredi ya 10. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wafadhili, yaani makanisa, viti kwa bodi ya shule. Kwa hivyo padre, pasta, ukiingia kikao kijacho, kabla ya kuongea kuhusu rangi ya geti, omba saa moja kwa wiki ya Lugha ya Ishara. Na afundishe kiziwi mwenyewe, alipwe.

Sukari itaisha wiki hiyo hiyo. Mtoto atabaki na wenzake wasiojua kumsalimia.

Niambie kwa komenti: shule yako ilikufundisha ishara ngapi? Mimi naanza. Sifuri.