AFYA NA USALAMA NYUMBANI: Simu Haikaushwi Ndani ya Maikrowevu

Msimu wa mvua huku kwetu Njombe na Makambako simu nyingi huloa. Nyingine hulowa kikapuni, nyingine hutumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Tunapotembelea familia, swali moja hutufikia mara kwa mara: "Dada nesi, maikrowevu si inakausha maji? Tukiiweka simu humo dakika moja kuna ubaya gani?" Ubaya upo, tena mkubwa.

Kwanza tufahamu chombo chenyewe. Ndani yake mna kifaa kiitwacho magnetroni kinachotoa mawimbi ya megahezi 2450 hivi. Uwezo wa mawimbi hayo kupasha chakula uligunduliwa Marekani mwaka 1945 na Percy Spencer, fundi wa rada, baada ya chokoleti kuyeyuka mfukoni mwake. Mawimbi hayo hutikisa maji yaliyomo katika chakula, na mtikisiko huo ndio joto.

Simu, redio au kikokotoo si ugali. Ndani yake mna nyaya nyembamba kuliko unywele. Mawimbi yakizipiga, umeme hupita ndani yake kwa nguvu zisizoweza kuhimili, nazo huungua. Kwenye ncha za chuma hutokea cheche. Chipu zinazotunza namba na picha za watoto huharibika, na hakuna fundi wa kuzifufua. Kibaya zaidi ni betri ya lithiamu: ikipata joto kali huvimba, hupasuka na kuwaka, na moshi wake ni sumu kwa mapafu.

Mwaka 2014 ulienea uongo kwamba simu yaweza kuchajiwa ndani ya maikrowevu. Polisi wa Los Angeles walilazimika kuwaonya watu wasijaribu.

Je, simu iliyo mezani kando ya maikrowevu? Hiyo haiharibiki. Kuta za chuma na wavu wa mlangoni huzuia mawimbi. Pengine intaneti isiyo na waya itasumbuka kidogo, kwa kuwa hutumia mawimbi ya karibu na hayo. Lakini mlango ukipinda au ukikataa kufunga sawasawa, msiitumie tena mpaka fundi aione.

Simu ikiloa, tufanye hivi:

1. Izimeni mara moja. Msiichaji.
2. Toeni laini, na betri kama inatoka.
3. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, kisha iacheni penye hewa siku moja au mbili. Msiizike ndani ya mchele, maana vumbi lake huingia ndani. Wala msiianike juu ya jiko la mkaa.

Kitu kikianza kuwaka ndani ya maikrowevu, msifungue mlango, kwani hewa huchochea moto. Zimeni, chomoeni waya ikiwa mnaufikia bila hatari, watoeni watoto nje. Aliyevuta moshi akikohoa au kubanwa pumzi, apelekwe hospitali. Aliyeungua, mvueni pete upesi, mwekeeni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funikeni jeraha kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na yai la hasha! Huleta uchafu kidondani.

Neno la mwisho ni kwa vijana wetu wenye bisibisi. Maikrowevu iliyochomolewa bado ni hatari. Ndani yake mna kapasita inayofanya kazi kwa volti zaidi ya 2000, na yaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kutolewa ukutani. Mshtuko wake unaweza kuua. Mwachieni fundi aliyefunzwa.

Simu iliyokufa hununuliwa nyingine. Mtoto hanunuliwi. Tuwafundishe mapema, wakiwemo wasichana wetu wa kazi, kwamba maikrowevu ni ya chakula tu.