Malaria hakuna, presha hakuna, lakini mama hapandi tena gari

Tuseme ni mama anayeuza dagaa sokoni Bariadi. Kila wiki hupanda gari kwenda Lamadi kufuata mzigo. Siku moja, gari linakaribia Dutwa, moyo unaanza kwenda mbio bila sababu. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka, na ana hakika kabisa kwamba anakufa. Anashushwa, anapepewa kwa kanga, anamwagiwa maji. Dakika 20 baadaye yuko sawa, kachoka tu. Zahanati wanapima malaria, presha na sukari, wanasema hakuna kitu.

Hilo neno "hakuna kitu" ndilo linaloleta ugomvi nyumbani. Mume anasikia "anajifanya". Mama mkwe anasikia "karogwa", na mbuzi anauzwa ili mganga alipwe.

Kitu kipo. Ukikutana na fisi usiku njiani, mwili hukuandaa kukimbia: moyo hupiga haraka, pumzi huenda mbio, misuli hukaza. Kwa mgonjwa huyu hali hiyohiyo inawaka bila fisi. Kupumua haraka mno ndiko kunakoleta ganzi na kizunguzungu. Hali hupanda hadi kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Kupatwa mara moja si ugonjwa. Watu wengi hupatwa na haijirudii. Huitwa ugonjwa wa hofu ya ghafla pale inapojirudia bila kutarajiwa, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa itakayofuata, au akabadili maisha ili kuikwepa. Mara nyingi huanza ujanani, na wanawake hupatwa zaidi, karibu mara mbili ya wanaume. Wanaume nao wapo. Baba anayekwepa foleni ya malipo ya pamba na kumtuma kijana wake huenda asiwe mvivu.

Kinachobomoa familia ni huko kukwepa. Mama anaacha gari la Lamadi. Kisha anaacha gulio, anaacha kanisa, haendi kisimani bila mtu. Familia, kwa upendo kabisa, inamsaidia kukwepa: binti anakosa shule siku ya mzigo, dada anahamia kulala naye. Kila anapokwepa anapata nafuu, na ile nafuu inamfundisha kwamba gari ndilo lililokuwa na hatari. Mtaji unakwisha, na watoto wanajifunza kuogopa wanachoogopa wazazi.

Kwa hiyo anarudishwa kidogo kidogo. Aende stendi, akae ndani ya gari ambalo halijaondoka. Siku nyingine afike Dutwa na mtu wake, ashuke, arudi. Akizoea, Lamadi. Baadaye Magu, hata Mwanza. Hofu ikija njiani asiteremke mbio. Avute pumzi taratibu kwa puani, aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta, asubiri ishuke. Nanyi msimzingire kumi kwa pamoja mkipiga kelele za "Yesu! Yesu!" au "mletee maji!". Mtu mmoja mtulivu anatosha, amwambie: "Nipo, itapita."

Hospitali ni lazima kwanza, kwa sababu upungufu wa damu, tezi ya shingo, pumu na matatizo ya moyo huweza kufanana na hali hii. Mwambie daktari pia kama anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu au kahawa nyingi. Vipimo vikiwa safi, usiondoke. Omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili, na ikibidi upewe rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kukabili hofu inafanya kazi, na zipo dawa zinazonywewa kila siku ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifai. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani viepukwe. Nafuu yake ni fupi na mwili huvizoea.

Ila maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, kuzimia, au kukosa pumzi kusikopungua, hasa kwa mtu mzima mwenye presha au kisukari, usikae kuhesabu dakika. Tafuta usafiri.