Haki ya Njia Ianzie Mlangoni Petu

Ijumaa moja ya hivi karibuni, tukiwa katika rakaa ya pili, bajaji iliyombeba mama mwenye uchungu wa uzazi ilikwama mbele ya msikiti wetu huku Mbagala. Haikukwamishwa na tope wala shimo. Ilikwamishwa na magari yetu sisi waumini, tuliyoyaegesha kushoto na kulia hata mbele hakupitiki na nyuma hakurudiki. Mumewe alisimama mlangoni akingoja tutoe salamu. Alhamdulillahi, mama yule alifika hospitali akajifungua salama. Lakini sisi wa kamati tulirejea majumbani tumeinamisha vichwa.

Ndugu zetu katika imani, foleni twailalamikia kila siku, na sababu tunayo. Baba anayeishi Chamazi au Mbande hutoka baada ya Alfajiri watoto wangali wamelala, na hurejea Isha imekwisha saliwa, nao wamelala tena. Malezi tuliyoamrishwa kuyasimamia huachiwa mama peke yake, na saa za kusoma Qur'ani pamoja na watoto huishia barabarani.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016. Daraja la Mfugale, pale Tazara, lilifunguliwa mwaka 2018, na la Kijazi, Ubungo, mwaka 2021. Nayo Barabara ya Kilwa imejengewa njia ya mwendokasi hadi huku kwetu. Hata hivyo, barabara ikipanuliwa huwavuta wengi kununua magari na kujenga mbali zaidi, na baada ya muda nafasi ile hujaa.

Tena kuna moshi. Gari lililosimama huku injini ikinguruma huchoma mafuta bila kumfikisha mtu popote. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani. Hewa hiyo huongeza joto la dunia, na moshi unaotoka pamoja nayo huingia vifuani mwa watoto wetu wanaopita kando ya barabara kwenda madrasa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Itakuwaje basi udhia wenyewe uwe ni gari la mwenye kusali?

Kamati yetu imekubaliana mambo matatu. Kwanza, hakuna kuegesha barabarani mbele ya msikiti. Nafasi chache za uani ni za wazee na wagonjwa. Pili, wakaazi wa karibu waje kwa miguu, kwani hatua za kuiendea sala zina ujira wake, na wanaotoka mtaa mmoja wa mbali wapande gari moja. Tatu, mzazi anayemngoja mtoto wa madrasa azime injini. Wapo walionung'unika, nasi tumewasikiliza. Lakini hakuna aliyeweza kutuambia tungemjibu nini mume yule lau mkewe angefikwa na umauti pale.

Serikali tutaendelea kuidai barabara nzuri na mabasi ya kutosha, kwani hiyo ni haki yetu. Lakini kipande kile kilicho mbele ya msikiti hakimngoji mkandarasi. Kinatungoja sisi, Ijumaa hii ijayo, inshaAllah.