Hiyo Plasta ya Mkononi Si Kitu Kidogo

Tuseme mzazi wako amepimwa mishipa ya moyo Nairobi asubuhi, na jioni mko naye kwenye matatu mnarudi Githurai. Unamwangalia: hana mshono, ni katundu tu kwenye kifundo cha mkono na plasta juu yake. Unapigia watu wa nyumbani simu, "Aah, kumbe ilikuwa kitu kidogo." Hapo ndipo tunakosea.

Hako katundu kamefika hadi kwenye ateri, mshipa unaopiga damu moja kwa moja kutoka moyoni. Zamani mrija wa kupimia ulipitia pajani na mgonjwa akalala chali masaa mengi bila kukunja mguu. Mwaka 1989 daktari Lucien Campeau wa Montreal alieleza njia ya mkononi. Leo wengi huamka mapema, na wengine hulala kwao usiku huo huo.

Lakini lazima mshipa ubanwe vizuri. Mrija ukitoka, mkono hufungwa ukanda wenye kifuko cha hewa, kisha muuguzi anapunguza hewa polepole. Ukilegezwa mapema, damu inatoka. Ukikazwa sana, mshipa unaweza kuziba. Mara nyingi hata hamtajua, maana kuna ateri ya pili inayolisha mkono. Ila siku mzee akihitaji kupimwa tena, njia hiyo haipo.

Kwa hivyo usikae tu hapo kwa benchi ukiskroli. Uliza muuguzi: damu bado inapita chini ya ukanda? Tukifika nyumbani tufanye nini, na kwa siku ngapi?

Damu ikitoka nyumbani, mketishe, bana pale penye tundu kwa vidole, usilegeze kuchungulia. Usifunge kitambaa kama kamba. Isipokoma kwa dakika 10, au ikiruka, kimbieni hospitali ukiwa bado umebana. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, pia nendeni.

Hospitali nazo zijue: karatasi ya Kiingereza haimsaidii cucu asiyeisoma. Mwelezeni kwa lugha yake kabla hajavaa viatu.

Na wewe, jerikani ya lita 20 ni kilo 20. Wiki hii, beba wewe. Kusonga ugali na kukamua nguo pia ni zako.