Jaketi la mtoto kwanza, viboko baadaye

Mzazi wa Munisagara, wewe huhitaji kufundishwa kuuogopa mto. Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, uling'oa reli na kuwaacha wengi Kilosa bila makazi. Kwa hiyo mkifunga safari ya likizo kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kupanda boti ya utalii katika Mto Rufiji, naamini hamtakwenda kichwakichwa.

Lakini lipo jambo ambalo wazazi wengi hulilegeza: jaketi okozi la mtoto. Wakubwa wanavaa, mtoto wa miaka minne anapakatwa, au anavalishwa la mtu mzima. Jaketi kubwa ni hatari. Mtoto akitumbukia, lenyewe hupanda juu na yeye huteleza chini. Mjaribu mkiwa bado nchi kavu: funga kamba zote, kisha livute jaketi juu kwa kulishika mabegani. Likifika masikioni, halimfai. Omba dogo, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu.

Kama halipo, msipande, hata kama mmeshalipa. Najua inauma, na watoto watalia. Kumpakata si kinga, maana boti ikiyumba ghafla mikono yako itatafuta pa kujishikilia. Na usiniambie anajua kuogelea kwa kuwa amekulia Mkondoa. Rufiji ni mpana, una nguvu, na hao mamba mnaokwenda kuwatazama ndio wenyeji wake.

Mkishuka, watoto wasichezee maji yaliyotulia kandokando. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kimyakimya. Mtoto akikojoa damu wiki au miezi baadaye, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga kwamba aligusa maji ya mto. Dawa ipo, na inatibu.

Wewe unayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, boti nyingi ndogo hazina choo. Wengine huamua kuruka dozi siku hiyo. Usifanye hivyo, muulize daktari wako kabla ya safari kama unaweza kubadili saa ya kumeza. Mwenye kifafa amweleze nahodha mapema bila aibu, akae katikati ya boti pamoja na ndugu anayejua namna ya kumsaidia, na jaketi lake asilivue mpaka atakapokanyaga ukingo.