Mtangulize Jirani Kabla ya Ua

Mimi ni mtu wa Pwani, niliyefunzwa alifu na be chuoni, lakini Mola alinijaalia mke kutoka Tetu, katika kaunti ya Nyeri. Huko tuna nusu eka aliyoirithi mke wangu kwa marehemu baba yake, na kijumba tulichonuia kuzeekea. Mwaka huu nikaazimia kukizungushia ua mpya. Ule wa zamani ni wa kaiyaba, mti wa miiba mirefu unaojulikana sana katika vijiji vya Mlima Kenya. Umezeeka, umefumka huku na kuacha mapengo kule, na mbuzi wa watu hupita wapendavyo.

Hesabu nilikwisha kuifanya: nguzo za mtarakwa, seng'enge mistari mitano, na upande wa jirani ukuta wa mawe. Fundi akaja, akapiga vigingi, akavuta kamba, tukapatana bei. Jambo moja tu sikulifanya. Sikumwuliza jirani.

Jirani mwenyewe ni bibi anayekaribia miaka tisini, nasi sote humwita Cucu. Baina ya kwake na kwetu mna pengo la upana wa mtu mmoja, na njia yake imelainika kwa nyayo. Humo hupita kuja kuteka maji katika mfereji wetu, na humo mke wangu alipokuwa mtoto alikuwa akitumwa kuomba moto. Alipoona vigingi, alikuja na mkongojo wake akaniuliza, mke wangu akitufasiria: "Mkwe wetu, mimi nitapita wapi?" Nikamjibu kuwa atazunguka kwa barabara. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilipokuwa msichana nilichimba handaki la Wazungu. Najua kufungiwa njia ni nini."

Maneno hayo si madogo kwa mtu wa Tetu. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, watu wa Nyeri walitolewa katika miji yao wakasongamanishwa katika vijiji vilivyolindwa kwa bunduki. Kina mama ndio waliolazimishwa zaidi kuchimba handaki ukingoni mwa msitu, na chini yake kukachomekwa mianzi iliyochongwa, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula kutoka kwa watu wao. Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, alikamatwa papa hapa Tetu, pembeni mwa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956. Na miaka hiyo hiyo ndiyo mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya, huku baadhi ya wenyewe wakiwa vizuizini, wasiweze hata kusema, "Hapa ni pangu."

Cucu hakuishia hapo. Alituongoza hadi kwenye kaiyaba, akafunua matawi kwa mkongojo, na chini yake tukaona majani mapana ya itoka. Hili ni ua ambalo Wakikuyu tangu zamani wamelipanda mipakani mbele ya wazee. Hili hapa lilipandwa na baba mkwe wangu na mume wa Cucu, mashamba yalipogawanywa. Nikaitazama kamba ya fundi. Ilikuwa imepita hatua nzima ndani ya shamba la Cucu!

Haya ilinishika. Kumbe ukuta wangu ungesimama juu ya dhuluma, nami ningelala nyuma yake nikijiona nimesalimika na wezi.

Lugha yetu ina ajabu yake. Ua ni wigo. Ua ni lile linalochanua. Na ua ni amri ya kutoa roho. Itoka ni ua lililofanya kazi ya ua: halizuii hata kifaranga, lakini lilimzuia mtu mwenye haya, kwa kuwa mashahidi wake walikuwa majirani. Handaki la mkoloni lilikuwa ua wa kuua. Kila mwenye kujenga hana budi kujiuliza anajenga upi.

Sisemi kwamba tuishi wazi kama uwanjani. Wezi wapo, na ng'ombe mmoja akiibwa, ada ya shule imekwenda. Wala si kila ua ni uadui. Ua wa umeme wa msitu wa Aberdare, ulioanzwa mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009, una urefu wa kilomita 400 hivi. Umewapa usingizi wakulima waliokuwa wakikesha kufukuza ndovu katika mahindi. Lakini hata ua huo una malango. Kwetu Pwani nako wazee walijenga kuta nene za mawe, na mlangoni wakaacha daka, mpita njia apate pa kukaa.

Basi wewe unayepanga ua, usianze na fundi. Mwite jirani, mwite na mzee anayeujua mpaka, mtembee pamoja. Usiung'oe ua wa zamani kwanza, kwani huenda wenyewe ndio alama, na kuondoa alama ya mpaka kusudi ni kosa. Mkikosa kupatana, sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 imempa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mpaka kabla ya mahakama kuingia. Tazama pia mteremko: katika milima kama ya Tetu, ukuta uliojengwa bila njia ya maji humwagia jirani mafuriko.

Mimi ukuta wa mawe nimeufuta. Mapengo tumeyajaza miche ya kaiyaba, na waya umekwenda upande wa barabara. Pale penye njia ya Cucu pana kilango cha mbao chenye komeo, hakina kufuli. Chuoni tulifunzwa: jirani kabla ya nyumba. Nilikuwa nikilikariri neno hilo tangu utotoni, na imenibidi kufika Tetu, mvi kichwani, ili nilifahamu.